Mganga wa Macho Anapowaaga Wagonjwa Wake



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo moja ambalo laonekana dogo, walakini mtu akilichimba huona lina mizizi mirefu. Mganga wa macho amekaa mahali pamoja miaka ishirini, thelathini, au zaidi. Wamekuja kwake watoto wenye macho mekundu, nao wakakua, wakawaleta watoto wao. Wamekuja wazee wakishikwa mkono, wakarudi kwao wakitembea peke yao. Hata siku moja habari zaenea barazani na kisimani ya kuwa mganga anastaafu, naye ataka kuwaaga wagonjwa wake. Mara maneno huwa mengi. Huyu asema, "Ametutupa." Yule asema, "Amechoka, mwacheni apumzike, naye ni mtu." Wa tatu asema, "Na jicho langu la kushoto, ambalo alisema atalitazama tena mwakani, nimpelekee nani?"

Maneno hayo matatu si porojo. Kila moja lina swali ndani yake. La kwanza lauliza kama mtu aliyeaminiwa na wengi ana ruhusa ya kuondoka. La pili lauliza kama mtumishi ana haki yo yote juu ya nguvu zake mwenyewe. La tatu lauliza ni deni gani analodaiwa yeye aondokaye, na ni nani atakayelilipa. Twataka kuyatazama moja moja, bila kumpendelea mganga wala wagonjwa.

Kwanza hapana budi kujua kwa nini kuagana na mganga wa macho si sawa na kuagana na watumishi wengine. Karani akihamishwa, barua zitaandikwa na karani mwingine. Seremala akienda zake, meza aliyoitengeneza haimwulizi amekwenda wapi. Hata mganga atibuye homa, mara nyingi mgonjwa akiisha kupona humsahau mpaka homa imrudie. Lakini magonjwa ya macho ni ya namna nyingi, na baadhi yake humfunga mgonjwa pamoja na mganga wake miaka mingi, kama nyuzi mbili zilizosokotwa kuwa kamba moja.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko magonjwa mengine yote duniani. Ni ukungu uingiao katika lenzi ya jicho. Mganga huitoa lenzi iliyoharibika, huweka nyingine ndogo iliyotengenezwa na watu, na mara nyingi mgonjwa huona tena kesho yake kitambaa kinapofunguliwa. Lakini presha ya macho, ambayo waganga huiita glakoma, sivyo ilivyo. Huuharibu polepole mshipa upelekao habari za nuru kutoka jichoni mpaka ubongoni. Aghalabu haiumi. Huanza kula pembeni, hata mtu hujikwaa kwenye kigogo kilicho kando ya njia, huku bado aweza kumtambua mtu aliye mbele yake. Kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala kwa kisu. Kazi ya mganga ni kukilinda kilichobaki, na wengi wa wagonjwa hao hawana budi kutia matone kila siku na kupimwa mara kwa mara maisha yao yote. Kadhalika mwenye kisukari: vimishipa vya damu vilivyo nyuma ya jicho huweza kuharibika kabla mwenyewe hajaona dalili yo yote, kwa hiyo yampasa atazamwe ingawa haoni shida.

Tena liko jambo la kuaminiana. Mtu apasuliwaye jicho hutiwa dawa ya ganzi, lakini mara nyingi hatiwi usingizi. Hulala hali yu macho, akisikia sauti ya mganga na mlio wa vyombo, naye hujua ya kuwa kisu kiko ndani ya jicho lake. Mtu hamkabidhi mwenzake jicho kama anavyomwazima jembe. Basi, mganga aliyekabidhiwa macho ya wilaya nzima kwa muda wa miaka thelathini, tusishangae watu wakimwona kuwa ni wao kabisa, wala tusiwacheke wakilia.

Sasa tulitazame neno la kwanza, "Ametutupa." Wasemao hivyo hudhani ya kuwa mganga mwema ni yule afanyaye kazi mpaka siku ya kufa kwake. Dhana hii ni nzuri kwa kuisikia, lakini tuipime. Kile kiwambo kilicho nyuma ya lenzi ya jicho ni chembamba mara nyingi kuliko unywele wa mtu. Mganga hukitazama kwa hadubini, na mkono wake ukitetema kidogo tu, kiwambo huweza kupasuka, na jicho likapata hasara. Mkono wa mtu haukai vile vile siku zote, wala jicho la mganga mwenyewe halina mkataba na uzee. Ikiwa mganga atakaa kazini kwa sababu awapenda wagonjwa, hali mkono wake hauwezi tena, basi upendo wake utawaumiza wale wale awapendao. Kwa hiyo kuondoka kwaweza kuwa tendo la upendo kuliko kukaa.

Lakini hapa tusikimbilie kusema kwamba mwili ukiwa na kasoro kazi imekwisha. Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanatuonya tusiseme hivyo. Daktari Govindappa Venkataswamy alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Uhindi ya Kusini. Alikuwa mganga katika jeshi, akapatwa na baridi yabisi kali sana, akalala kitandani muda mrefu, na vidole vyake vikapindika visirudi tena kama vilivyokuwa. Alikuwa ametaka kuwa mganga wa kuzalisha akina mama, lakini njia hiyo ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa. Ndipo akajifunza uganga wa macho, akavizoeza vidole vile vile vilivyopindika kushika kisu, na katika maisha yake alipasua macho zaidi ya 100,000. Je, mtu angemwona kijana yule siku aliyotoka hospitalini na vidole vyake, angesema nini? Bila shaka angemwambia, "Nenda ukatafute kazi nyingine." Basi kipimo si sura ya mkono, wala si hesabu ya miaka peke yake. Kipimo ni jicho la mgonjwa baada ya kazi kwisha. Mganga mwenye haki huangalia matokeo ya kazi yake mwenyewe pasipo kujidanganya, tena huwaomba wenzake wamwambie kweli. Siku matokeo yanapoanza kushuka, hangoji kufukuzwa.

Habari za mtu huyo zina fundisho la pili. Mwaka 1976 alifika umri wa kustaafu katika kazi ya serikali. Sheria ilimwambia, "Yatosha." Yeye, pamoja na ndugu zake, akafungua hospitali ndogo ya macho mjini Madurai, yenye vitanda 11, akaiita Aravind. Wenye uwezo hulipa, na malipo yao husaidia kuwatibu wasio na kitu. Akawafundisha waganga na wauguzi, na mwaka 1992 ukaanzishwa huko pia mtambo wa kutengeneza lenzi za macho kwa bei ndogo, ili maskini asinyimwe kuona kwa sababu lenzi ya kutoka ng'ambo ni ghali. Naye alipofariki mwaka 2006, milango haikufungwa. Hospitali ile ikaendelea, nayo ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za macho duniani. Twaona basi kwamba kustaafu si sawa na kuiacha kazi. Mtu aweza kuondoka katika kiti, asiondoke katika kusudi lake. Lakini tuangalie vema: kazi yake haikudumu kwa sababu yeye alikaa mpaka mwisho. Ilidumu kwa sababu hakuishika peke yake.

Neno la pili lilikuwa, "Amechoka, mwacheni apumzike, naye ni mtu." Neno hili ni la haki. Mganga si mali ya wilaya kama kisima. Ana mke na watoto ambao mara nyingi walikula chakula cha jioni bila yeye. Ana mgongo ulioinama miaka mingi juu ya vichwa vya watu. Tukisema hana ruhusa ya kupumzika, tunamgeuza mtumishi kuwa mtumwa, na shukrani yetu inakuwa mnyororo. Twajua ya kuwa wako watu wampendao mganga kwa namna hiyo: wamsifu sana asiondoke, na akiondoka wamlaumu. Hayo si mapenzi. Ni kuyapenda macho yetu na kuliita pendo hilo kwa jina lake yeye.

Hata hivyo neno hili la pili halitoshi. Mtu ana haki ya kupumzika, lakini hana haki ya kupumzika kwa namna yo yote apendayo. Mlinzi wa usiku ana haki ya kwenda kulala, lakini si kabla mwenzake hajafika langoni. Na hapo ndipo lilipo neno la tatu, lile la jicho la kushoto. Sisi twaona ya kuwa neno la tatu ndilo zito kuliko yote mawili, ijapokuwa lilisemwa kwa sauti ndogo.

Tufikiri habari ya mkulima mmoja mwenye presha ya macho. Kila miezi michache huja kwa mganga, hupimwa, hupewa matone. Hajui jina la dawa. Ajua tu ya kuwa ni chupa ndogo ambayo mganga humpa. Siku moja afika, aona sura ngeni. Hakuna aliyempa habari. Aona haya kuuliza, arudi nyumbani. Chupa yaisha. Kwa kuwa haumwi, ajiambia ya kuwa labda amepona. Mwaka wapita, na wa pili. Siku atakapotambua ya kuwa hawaoni tena ng'ombe walio pembeni mwake, itakuwa imekwisha kuwa jioni katika macho yake, na jioni hiyo haina asubuhi. Je, ni nani aliyempofusha? Mganga wa zamani hakumgusa kwa ubaya. Mganga mpya hakumfukuza. Alipotea katika nafasi iliyo kati ya wawili hao. Kwa sababu hiyo twasema bila kusita: kwa mganga wa macho, kuaga si adabu tu. Kuaga ni sehemu ya dawa.

Ikiwa ndivyo, basi mganga aondokaye anadaiwa mambo manne.

La kwanza ni kutoa habari mapema, tena kwa mdomo. Mtu akibandika karatasi mlangoni, itasomwa na yule aonaye. Kipofu hasomi karatasi, na mgonjwa aliye mbali milimani hauoni mlango. Habari yafaa isemwe kila mgonjwa ajapo, irudiwe, ipelekwe vijijini kwa watu waendao huko, muda wa kutosha kabla ya siku yenyewe.

La pili ni kuandika. Yale mganga ayajuayo moyoni, ya kwamba jicho hili lilipimwa hivi na kufanyiwa hivi, ya kwamba mama huyu dawa fulani humwasha, ya kwamba mzee huyu hukubali kupasuliwa ikiwa binti yake yupo, hayo yote yakibaki moyoni mwake yataondoka pamoja naye. Yakiandikwa wazi, yatabaki. Na mgonjwa naye apewe karatasi yake mwenyewe, yenye jina la ugonjwa, jina la dawa, na siku ya kurudi.

La tatu ni kweli. Wako wagonjwa ambao macho yao hayawezi kufunguliwa tena, na kwa huruma mganga amewaambia kila mwaka, "Tutaona mwakani." Mwaka wa kuondoka kwake hauna mwakani. Kuacha neno hilo gumu lisemwe na kijana mgeni, ambaye mgonjwa hamjui, ni kumrithisha mwenzake deni. Anayependwa ndiye awezaye kusema neno chungu likasikilizwa. Amwambie mgonjwa kweli, kisha amwonyeshe yanayowezekana: fimbo, kazi ya mikono, shule ya wasioona kwa mtoto. Tumaini la uongo humzuia mtu asijifunze kuishi, maana kila siku angoja jambo lisilokuja.

La nne ni mrithi. Hapa tutaje mganga mwingine. Henry Holland, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1875, alifika Quetta mwaka 1900 kuwa mganga wa misheni, katika nchi ambayo siku hizi ni Pakistan. Kila mwaka wakati wa baridi alishuka mpaka Shikarpur, nao wenye macho mabovu wakamjia kwa wingi. Waganga wa nchi nyingine walikuja kufanya kazi pamoja naye na kujifunza. Mwaka 1935 tetemeko kubwa la nchi liliuharibu mji wa Quetta, na hospitali yake ikaanguka, ikajengwa tena. Mwaka 1948 alistaafu, baada ya miaka 48, na mwanawe Ronald alikuwapo kuishika kazi. Mwaka 1960 baba na mwana walipewa pamoja nishani ya Ramon Magsaysay kwa ajili ya utumishi wao. Si kila mganga aliye na mtoto mganga, wala uganga haurithiwi kama shamba la migomba. Lakini jambo la maana ni lile lile: siku ya kuondoka iliandaliwa miaka mingi kabla, kwa kuwakubali wengine wasimame kando ya meza ya kupasulia. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndivyo ilivyo, maadamu mhunzi amemfundisha mtu.

Tena tuzitazame tarehe. Katika siku za Holland, mtu akitolewa mtoto wa jicho alipewa miwani minene sana, nayo ikivunjika aliona ukungu tena. Holland alistaafu mwaka 1948. Mwaka uliofuata, 1949, mjini London, mganga Harold Ridley alitia lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho la mtu kwa mara ya kwanza. Wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo ndiyo njia ya kawaida ulimwenguni pote. Basi yule mganga mkuu, aliyefungua macho ya maelfu, aliondoka kabla ya jambo kubwa kuliko yote katika kazi yake kuanza kujulikana. Waliokuja nyuma yake waliweza kuwapa wagonjwa kitu ambacho yeye hakuwa nacho mkononi. Hili na liwafariji wanaolia, na liwanyenyekeze wanaoondoka: anayekuja aweza kuleta nuru ambayo sisi hatukuijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini msomaji mwenye akili atatuuliza, "Na kama hakuna mrithi? Je, hapo mganga anaruhusiwa kuondoka?" Swali hili ni gumu, wala hatutaki kulikwepa. Mahali pengi waganga wa macho ni haba. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2019 ya kwamba watu wasiopungua 2,200,000,000 wana upungufu wa kuona, na ya kwamba kwa watu wasiopungua 1,000,000,000 kati yao shida ingaliweza kuzuiwa, au bado haijatibiwa. Mbele ya hesabu kama hiyo, kuondoka kwa mmoja ni hasara kweli.

Sisi twajibu hivi. Mganga yampasa kutafuta mrithi kwa bidii, kuomba, kuandika barua, kungoja kwa muda wa kiasi. Akiisha kufanya hayo na asipatikane mtu, hawezi kufungwa kama mateka. Mzigo basi hauko tena juu yake peke yake. Uko juu ya wote waliomtazama akifanya kazi miaka thelathini, wakala matunda ya mikono yake, wasimpeleke hata kijana mmoja kujifunza. Mkono mmoja haulei mwana. Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, imekuwa ikiwafundisha waganga wa macho na waganga wasaidizi wa macho. Njia ipo. Wilaya iliayo kwamba imetupwa, na ijiulize kwanza kama yenyewe ilimtuma mtu kuifuata njia hiyo. Upweke wa mganga wa zamani haukuwa kosa la mganga peke yake.

Na wagonjwa, je, hawadaiwi kitu? Wanadaiwa. Kwanza wanadaiwa shukrani, lakini tuielewe shukrani ni nini. Kuku na mkungu wa ndizi ni vizuri, na mganga asimkatae mama aletaye mayai matatu. Lakini asiyeleta kitu asiaibishwe, maana siku ya kuaga si siku ya kutoza. Shukrani kubwa ni kuyatunza macho yaliyotibiwa: kutia matone, kurudi siku iliyoandikwa, kuwaleta wengine kabla hawajachelewa. Mgonjwa alialiaye mganga wake na kuiacha dawa yake, amemlilia mtu na kuitupa kazi ya mtu huyo.

Pili wanadaiwa kumpokea aliye mpya. Hapa liko jaribu tulijualo vema. Mganga wa zamani labda alitoka mbali, naye wa sasa ni mtoto wa jirani. Tulimwona akichunga mbuzi. Basi twasema, "Huyu naye atajua nini?" Tukifanya hivyo twajidhuru wenyewe. Ujuzi haumwulizi mtu amezaliwa wapi. Wala tusimlinganishe kila siku na mwenzake, tukisema, "Yule alifanya hivi, yule alisema vile." Yule naye siku ya kwanza alikuwa mgeni, na mgonjwa wake wa kwanza alitia moyo konde akamkubalia. Mtu mmoja hana budi kuwa mgonjwa wa kwanza wa huyu pia.

Labda mtu atasema, "Huyu mpya ataweza kulijua jicho langu, lakini hanijui mimi." Twakubali. Jambo hili ni kweli, na hatutaki kulifunika kwa maneno matamu. Ziko habari zisizoandikika katika daftari. Kipofu amtambua mganga wake kwa hatua za miguu, kwa sauti, kwa namna amshikavyo kidevu kumwinua uso. Hayo hayakabidhiwi. Yapotea, na kuyalilia si udhaifu. Kwa hiyo hatuwasifu wale waondokao kimya kimya wakisema, "Sitaki kuwaliza watu." Mara nyingi huko ni kujihurumia wenyewe, wala si kuwahurumia wagonjwa; wanaogopa machozi, wanawaachia wengine wayafute. Mganga na asimame hapo, ashikwe mkono, asikie maneno yote, ya sifa na ya lawama pia. Kisha amchukue mrithi wake, amwambie yule asiyeona, "Sikia sauti ya huyu. Mpe mkono wako." Hivyo hata lile lisilokabidhiwa hupata mahali pa kuanza upya.

Wala siku hiyo isigeuzwe kuwa karamu ya kumtukuza mtu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mganga asifiwaye kupita kiasi huweza kusahau ya kuwa hakuumba nuru. Alifungua dirisha tu. Nuru ilikuwapo kabla yake, na macho yalikuwa ya wenyewe.

Hapo, ndugu, twafika kwenye shina la jambo. Macho ya wagonjwa hayakuwa mali ya mganga, na mganga hakuwa mali ya wagonjwa. Kila mmoja alikuwa na amana ya mwenzake: huyu alikabidhiwa macho, hao walikabidhiwa miaka ya uhai wa mtu. Amana ina desturi yake. Mtu aliyeshika amana akiiweka njiani na kwenda zake, ameitupa. Akiikabidhi katika mikono mingine mbele ya mashahidi, akaeleza hesabu yake yote, hakuitupa, hata kama hatarudi tena kamwe. Kwa nje matendo hayo mawili yafanana, maana katika yote mawili mtu huonekana mgongo akienda. Tofauti yake haionekani siku ile. Itaonekana baada ya mwaka, mkulima yule atakapofika na karatasi yake mkononi, akaitwa kwa jina lake, akapewa chupa yake, akarudi nyumbani akiwaona ng'ombe wake wote, wa mbele na wa pembeni.

Basi ninyi walimu, ikiwa katika wilaya yenu yuko mganga wa macho aliyezeeka, msingoje habari za kisimani. Mwendeeni sasa, mkamwulize ni nani anayemfundisha. Waandikeni wagonjwa wa vijiji vyenu watiao matone, jina kwa jina, na jina la dawa ya kila mtu. Na mkiona kijana mwenye mkono mtulivu na moyo wa huruma, semeni na wazazi wake kabla hajachukuliwa na kazi nyingine.

Kwaherini, mpaka mwezi ujao.